Maini ya Sato wa Nyantakara

Ngara mjini,
14 Februari 2024

Bibi Deodata mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, ila gari lilipata pancha tukakaa Nyakanazi mpaka jua likaanza kushuka, na mishikaki ya pale unaijua, nilikula mingi kuliko nilivyopanga. Huku Ngara asubuhi kuna ukungu mzito, mwenye nyumba wangu anakwenda kukamua ng'ombe na tochi. Kile kikohozi ulichokisikia kimekwisha kwa tangawizi yako. Mwambie dada yangu Irine asininunie kwa kuondoka bila kumwamsha, nilimwonea huruma, alikuwa amelala kama mtu aliyepalilia shamba zima peke yake. Mumewe, shemeji William, akipita na lori lake naomba umsalimie. Na mdogo wake marehemu Babu, Mzee Gozbert, mwambie bado naisubiri siku atakayoonja samaki.

Sasa nije kwenye shida yangu. Nilipokuja na lile deli la barafu nilikueleza kazi ninayomsaidia Daktari Adventina. Anapima madini yanayojikusanya ndani ya samaki wa mabwawa ya Ngara na Biharamulo, lako likiwemo: shaba, zinki, risasi na kadmi. Nikakueleza kwamba kila kiungo kinapimwa peke yake, kwa sababu samaki hatunzi kila kitu mahali pamoja. Nyama na mfuko wake, matamvua na mfuko wake, figo na mfuko wake, ini na mfuko wake. Wewe ukaitikia kila neno. Kisha nikaenda mferejini kunawa mikono.

Nilipofungua deli mbele ya Daktari, mfuko wa ini ulikuwa mtupu. Lebo ipo, tarehe ipo, mwandiko mzuri, ini hakuna. Daktari akaniangalia, akasema, "Wiston, kwani samaki wa Nyantakara hawana maini?" Hapo ndipo nilipoikumbuka harufu ya vitunguu iliyokuwa inatoka jikoni wakati nanawa.

Bibi, nakuomba uvue wengine wachache, utoe maini, usiyakaange. Yafunge vizuri, uyaweke kwenye barafu, umpe Gaspari, kondakta wa gari la Ngara, pale stendi ya Nyakanazi. Anajua kunitafuta.

Mjukuu wako aliyeaibika mbele ya mkubwa wake,
Wiston


Nyantakara,
25 Februari 2024

Mume wangu Wiston,

Marahaba. Nakuandikia kwa sababu simu inanipigia kelele sikioni na salio linakwisha kabla hatujamaliza kusalimiana. Nilikuwa karani wa parokia miaka mingi, barua ndiyo ninayoiweza.

Hapa mvua zinanyesha kwa adabu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Irine hajambo, ila amegombana na chai ya maziwa, anasema harufu yake inamkera. Anataka chai kavu na ndizi za kuchoma. Wali wa Jumapili aliuacha mezani akaenda kukaa nje. Ni hewa tu, itapita. Gozbert nilimfikishia salamu zako. Akasema samaki ni chakula cha watu waliokosa ng'ombe. Nikamuuliza, "Na wewe wako wako wapi?" Akaomba moto wa kiko, akaondoka.

Kuhusu maini, nyumba hii maini yana mwenye haki yake. Hilo ni jambo la jikoni na wewe ni mwanamume, usiniulize zaidi. Lakini sitaki mume wangu aaibike kazini, kwa hiyo nimeyatoa kwa roho nzito. Nimeyafunga kwa jani la mgomba na kulikaza kwa waya wa redio ya marehemu babu yako, lisilegee njiani.

Nikuambie na langu. Nina siku yangu inakuja, siitaji sasa, ambayo nataka watu wa hapa wote wale samaki wangu, na Gozbert awe wa kwanza kupakuliwa. Bwawa hili nimejivunia mbele ya watu. Wanawake wa jumuiya wanakuja kulitazama, maji safi, hakuna konokono hata mmoja, wakati ya wenzangu yamejaa konokono kama kokoto. Kwa hiyo mashine zenu ziniambie mapema kama samaki wangu ni wazuri. Sitaki kulisha watu kitu nisichokijua.

Mkeo mkubwa,
Deodata


Ngara mjini,
4 Machi 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Mwambie Irine akapime malaria. Mtu kuacha wali wa Jumapili si jambo la hewa, mimi namjua tangu tukiwa watoto, alikuwa anakula wake na wangu.

Maini yalifika na barafu ikiwa nzima, Gaspari aliyapakata njia yote. Daktari akalifungua lile jani, akauona waya, akaweka mkasi chini. Akacheka mpaka akavua miwani. Bibi, ule waya wa redio ya Babu ni shaba tupu. Na sisi tunatafuta shaba. Ni sawa na kupima kama maji yana chumvi huku umeyabeba kwenye mfuko wa chumvi. Maini yale hatuwezi kuyatumia, na waya nimempa Gaspari akurudishie.

Nakuomba tena, safari hii kwenye nailoni mpya, ufunge kwa uzi wa cherehani. Waya hapana, pini hapana, karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula hapana.

Fomu pia inauliza mambo mawili. La kwanza, unaweka nini kwenye maji na kwenye chakula cha samaki? La pili ni langu mwenyewe. Umesema hakuna konokono hata mmoja. Limewezaje bwawa lako kuwa hivyo, wakati maji yanatoka mfereji mmoja na ya wenzako?

Wako anayesubiri maini,
Wiston


Nyantakara,
11 Machi 2024

Mume wangu,

Marahaba. Maini hayo, na uzi ni wa cherehani, mweupe. Waya nimeurudisha kwenye redio na sasa redio imeacha kabisa kuongea, kwa hiyo ukija uje na nyingine.

Naweka samadi ya mbuzi, pumba, na majani ya magimbi. Kuhusu konokono, hilo ni langu.

Irine hana malaria. Usimfuatefuate.

Deodata


Ngara mjini,
22 Mei 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya mno. Mashine iliyoko Mwanza iliharibika na kifaa chake kikachelewa, sampuli zetu zikawa zimekaa rafu moja na za watu wengine. Mimi nilikuwa huku nakausha matamvua, shati langu lina harufu ambayo mwenye nyumba amenikataza kulianika karibu na dirisha lake. Natumaini wote hamjambo, na kwamba mahindi yamekauka vizuri.

Majibu yamekuja. Nikueleze kwa utaratibu.

Risasi na kadmi hazikuonekana za kuogofya kwenye bwawa lolote. Nyama ya samaki wa mabwawa yote ni nzuri kuliwa. Hilo liwe la kwanza. La pili ni kuhusu ini. Ini ni ghala la samaki. Shaba ikiingia majini au kwenye chakula, nyama huipata kidogo sana, matamvua hushika kidogo, lakini ini huipokea na kuiweka akiba, siku baada ya siku. Sasa, kuna bwawa moja ambalo maini ya samaki wake yana shaba kuyapita mengine yote. Daktari alidhani mashine imerudi na ugonjwa wake, akaomba warudie. Imetoka vilevile.

Siruhusiwi kukutajia bwawa ni la nani kabla Daktari hajafunga hesabu zake. Lakini kwa mfano tu, kama kungekuwa na bibi mahali fulani, ambaye bwawa lake halina konokono, na ambaye katika nyumba yake maini yana mwenye haki yake, ningemwomba mambo mawili. Maini asimpe mtu kwa sasa. Na amwambie mjukuu wake kitu gani kinaingia kwenye maji yale.

Na ile siku yake asiyoitaja asiiahirishe, akitaka kulisha nyama.

Wako kwa heshima,
Wiston


Nyantakara,
2 Juni 2024

Wiston,

Marahaba. Mfano wako nimeuelewa. Nilifundishwa kusoma na masista, si na mbuzi.

Nilikaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kujibu. Nilitaka kuusingizia waya, lakini safari ya pili niliyafunga kwa uzi na uzi huo niliuvuta mwenyewe kutoka kwenye cherehani. Kwa hiyo sina wa kumsingizia. Maji ni yale yale, samadi ni ile ile. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Mahindi yamekauka. Gozbert anaumwa goti. William alipita juzi akitokea Rusumo, akaleta mkate na sabuni, akakaa siku moja tu.

Kuna jirani hapa, si mtu unayemjua. Amekuwa akila maini ya sato kila ninapovua tangu Januari, na ni mimi niliyempa, kwa mkono wangu, nikasimama nimwangalie mpaka amalize. Ni mtu mwenye akili zake. Anataka kujua kama yamemdhuru. Na kama yanaweza kuwa yamemdhuru mtu mwingine, ambaye hakuyala kwa mdomo wake mwenyewe.

Umuulize Daktari wako vizuri, usimuulize huku unatembea. Huyo jirani amepoteza raha, na mimi nikimwona hana raha chakula hakipiti.

Gaspari nimemwambia asubiri majibu hata gari likimwacha.

Bibi yako


Ngara mjini,
8 Juni 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nilimkuta Daktari ameketi, nikaketi na mimi, nikamsomea maneno yako yale yale. Aliuliza vipande vingapi, vikubwa kiasi gani. Nikamwambia ninavyokufahamu, kwamba kwa mkono wako mtu hapewi kidogo, lakini ini la sato lenyewe halizidi kidole.

Amesema hivi. Shaba si kama risasi. Mwili wa mtu unaihitaji kidogo, na ya ziada ini la mtu mwenyewe huitoa. Kwa kiasi hicho haoni jambo la kuogofya, si kwa jirani wala kwa yule ambaye hakuyala kwa mdomo wake. Lakini maini ayaache leo hii. Akienda kliniki amweleze nesi kila kitu bila kuficha, apimwe, asikilizwe, ili moyo utulie. Na nyama ya samaki aendelee kula, tena ale vizuri, maana inamfaa mtu wa hali hiyo.

Nimeandika "mtu wa hali hiyo" na nimeiacha hapo.

Bibi, ile sentensi yako nimeisoma mara nyingi. Kisha nikaenda kuitafuta barua yako ya Februari. Mimi ni mtu wa utaratibu lakini naona utaratibu wangu unafika kwa miguu wakati wenzangu wamepanda gari. Sikuulizi jina. Nina swali moja dogo tu, ujibu ukitaka. Huyo jirani, chai ya maziwa anaiweza?

La mwisho. Shaba haidondoki kutoka mawinguni. Ipo kitu kinaingia kwenye lile bwawa, na kama hakijatoka, tutapima maini mpaka nizeeke na majibu yatakuwa haya haya. Sitamwambia mtu. Hata Daktari nitamwambia tu kwamba kimetoka.

Wako anayekosa utulivu,
Wiston


Nyantakara,
15 Juni 2024

Mume wangu,

Marahaba. Jirani ameanza kuiweza chai ya maziwa. Vikombe viwili, na asubuhi hii ameulizia cha tatu.

Kile kifuko nimekitoa. Usiniulize kifuko gani, kilikuwa wapi, wala nani alikitundika. Kimetoka.

Ukurasa uliobaki nimempa jirani, ana mambo yake ya kusema.

Deodata

Kaka Wiston,

Jirani ni mimi. Usinikasirikie. Mwaka juzi tulitangaza mapema, watu wote wakajua, ukanitumia hata soksi ndogo za manjano, kisha mimba ikaharibika nikabaki na soksi. Safari hii nilimwapisha Bibi asimwambie mtu mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Hata William alijua mwezi wa nne, kwa sababu alinikuta nakula udongo wa kichuguu.

Maini ni desturi ya nyumba hii, kumbe nanyi wanaume hamjawahi kuambiwa. Zamani Babu alipochinja ng'ombe, ini lilikuwa la mwanamke mwenye mimba, hakuna aliyeligusa, hata mgeni. Ng'ombe walipokwisha, Bibi akaihamishia desturi kwenye sato. Alianza kunikaangia kabla sijamwambia chochote. Siku ile ulipokuja na deli lako, ndio kwanza nilikuwa naogopa kuamini mwenyewe.

Kifuko ni mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba ya kupigia nyanya na mikahawa. Alisikia unaua konokono wa kichocho, akaufunga kwenye kitambaa na kuutundika pale mfereji unapoingia bwawani. Ukiisha anabadilisha. Unakumbuka alivyokuwa akisimulia baba yetu alivyokojoa damu akiwa mdogo? Aliapa hakuna mtoto atakayepata kichocho kwenye maji yake. Nilipomsomea barua yako, maana macho yalimgoma katikati, aliinuka pekupeku, akachukua kisu, akaenda kukikata. Akarudi akaniambia, "Usimwandikie." Kwa hiyo hujui.

Nimekwenda kliniki. Nesi amenisikiliza vizuri, amenipima damu, amesema niko sawa na mtoto anacheza mpira humo ndani. Bibi alikuwa nje ya dirisha, aliposikia mapigo ya moyo akasema kwa sauti, "Huyo ni wangu," na foleni nzima ikageuka.

Dada yako,
Irine


Ngara mjini,
19 Juni 2024

Bibi na Irine wapendwa,

Bibi shikamoo. Irine, nakusalimu kama mjomba, ni salamu mpya, zizoee.

Barua yenu niliifungulia pale pale stendi. Gaspari alinikuta nafuta macho, akaniuliza, "Vipi, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna mrututu. Tangu siku hiyo ananiangalia kwa tahadhari.

Bibi, mimi sijui lolote na siulizi lolote. Daktari nilimwambia kimetoka. Akaniuliza, "Nini?" Nikasema, "Kimetoka." Akaandika. Ameshauri, kwa kuwa kiangazi kimeanza, uvue samaki wote, nyama iliwe na watu, maini yafukiwe mbali na paka. Maji yasirudi mtoni, yamwage kwenye lile eneo lisilolimwa. Tope ulikwangue, lisipelekwe kwenye mboga, bwawa likae na jua mpaka lipasuke nyufa, ndipo ujaze maji mapya na vifaranga vipya. Wakikua tutapima tena.

Na konokono, kama wakirudi, amesema ufuge bata. Wanawala. Najua unavyowachukia bata kwa kelele zao. Nimeona nikuambie nikiwa mbali.

Wako, Mjomba Wiston


Nyantakara,
22 Septemba 2024

Mume wangu,

Marahaba, na uketi kwanza.

Irine amejifungua tarehe 17, msichana, mzima kabisa, uzito wake nesi aliusema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Babu yake wa kule Nyamahanga, baba yake William, amempa jina la Nshoma. Analia kama filimbi ya refa. Amevaa soksi zako za manjano. Dada yako alikuwa amezificha kwenye pipa la mchele muda wote huu, zina harufu ya mchele mpaka leo.

William aliegesha lori Nyakanazi akaja kwa pikipiki akiwa ameshika ndoo ya ndizi mbele na jogoo nyuma. Alipofika akasahau kushuka.

Bwawa tulilivua, tukalikwangua, na mimi nilishika jembe siku mbili, usimwambie daktari wa mgongo wangu. Vifaranga wameingia. Na bata ninao wanane. Sitaki kusikia neno lolote kuhusu bata. Wanapiga kelele kuliko Nshoma, lakini konokono wanawameza kama karanga, na wale wanawake wa jumuiya waliokuwa wanakuja kutazama maji sasa wanakuja kuuliza mayai ya kuatamisha. Nimewaambia ukweli wote wa kile kifuko, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wameshaniiga. Wewe tu ndiye sijakuambia na sitakuambia.

Siku yangu niliyokuwa siitaji ni ubatizo. Utakuwa Januari. Samaki watakuwa wamekua. Mashine ijipange.

Mkeo, sasa mwenye kitukuu,
Deodata


Nyantakara,
20 Januari 2025

Mume wangu Wiston,

Marahaba. Tulikukosa kwenye ubatizo, lakini majibu yako uliyoyatuma Jumatano yalifika asubuhi ya ubatizo na Gaspari, naye alishuka garini akaja mwenyewe mpaka hapa, akamshuhudia mtoto akibatizwa, akala. Niliisoma barua mbele ya watu wote baada ya padri kumaliza. Pale ulipoandika kwamba maini ya sato wa bwawa la Deodata sasa hayatofautiani na ya mabwawa mengine, na kwamba hata mtoto wa nyumba anaweza kuyala, nilishindwa kuendelea. Irine akamalizia.

Sasa nikueleze ya Gozbert. Alikaa mwisho wa mkeka na ugali wake na maharage. Nikampelekea sato mzima, wa kukaangwa, kabla ya padri. Akasema, "Shemeji, nipe mkia tu, nisiwaudhi wageni." Akala mkia. Akalamba vidole. Akasema, "Hapa katikati pana miiba?" Nikamwambia ajaribu aone. Watu wakaacha kula wakawa wanamwangalia yeye. Alipofika kichwani, nikamuuliza, "Shemeji, na ng'ombe wako je?" Akasema bila kuinua uso, "Wameingia humu ndani ya samaki, ndio nawatafuta." Padri alicheka mpaka akajimwagia mchuzi.

Nshoma alilala muda wote. Aliamka bata walipopita.

Maini nilimkaangia Irine, sahani nzima, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyakosa miezi ya mwisho alipokuwa anayahitaji. Alikula moja. Akasema mengine yana mwenye haki yake, yule aliyeandika barua zile zote, na mkubwa wake aliyemsikiliza akiwa ameketi. Kwa hiyo nimeyaweka kwenye kopo, na kopo nimelifunga kwa uzi wa cherehani. Yana vitunguu na chumvi. Usiyapime.

Mkeo mkubwa,
Deodata


Ngara mjini,
23 Januari 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Ukungu wa leo ni ule wa kuficha hata mnara wa kanisa. Kopo lilifika likiwa bado na uvuguvugu, Gaspari anasema alilikalia. Redio mpya nimemkabidhi yeye, waya wake usiutoe kwa jambo lolote. Mpakate Nshoma kwa niaba yangu, na bata uwasalimu ukiwa peke yako, najua mbele ya watu hutaki.

Nililifungulia mezani, juu ya gazeti. Sikuwahi kujua, Bibi, yana ladha hiyo. Sasa nimeelewa kwa nini siku ile hukusubiri nimalize kunawa. Daktari Adventina aliingia akakuta nimefumba macho, akavuta kiti, akachukua la kwake. Tulikula kwa heshima kama watu walio kanisani.

Tulipomaliza akafuta vidole, akachukua kalamu na lebo, kwa mazoea tu, akaangalia ndani ya kopo. Akaniuliza kama kuna lililobaki la kuweka akiba.

Nikamwambia kwamba samaki wa Nyantakara hawana maini.

Mumeo,
Wiston